Taa ya cheki injini haizimi? Ipime mwenyewe nyumbani kabla hujanunua hata sensa moja

Nipo Tabora mjini, natembelea Toyota Spacio ya 2003. Taa ya cheki injini iliniwakia miezi minne. Ndani ya hiyo miezi nimenunua oksijeni sensa (inayopima oksijeni kwenye moshi), nimenunua na sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), zote yuzdi, na fundi kanichomolea temino ya betri sijui mara ngapi ili taa izime, inazima kweli, siku mbili tatu inarudi pale pale. Tatizo lenyewe lilikuwa mpira wa hewa umechanika kwa chini. Basi.

Fundi hakuniibia. Alisoma kodi, yani ile namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari inaitunza, akaona kodi inataja mambo ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, akabadilisha sensa inayohusika na hewa na mafuta. Wengi ndo wanavyofanya na ndo maana naandika hii, maana inaniuma kuona mtu anauza mbuzi anunue sensa ambayo hata haijafa. Shika kitu kimoja: kodi inakuambia kompyuta ya gari imeona nini, haikuambii kipi kimeharibika. Hicho unakitafuta wewe, na sehemu kubwa unaweza kukitafuta nyumbani chini ya mwembe ukiwa na spana namba 10 na tochi.

Kwanza angalia inawakaje

Taa ninayosema ni ile ya njano yenye mchoro wa injini. Kama iliyowaka ni nyekundu yenye mchoro kama birika linalodondosha tone, hiyo ni presha ya oili, au nyekundu ya temperecha, zima gari hapo hapo ulipo, usiseme ngoja nifike nyumbani. Hizo ni habari nyingine kabisa.

Ya njano ikiwaka imetulia tu, gari inavuta vizuri, unaweza kuendesha kistaarabu huku unatafuta tatizo. Lakini ikiwa inablinki na gari inatetemeka, hapo injini inamisi vibaya, yani kuna silinda haichomi mafuta sawasawa, petroli ambayo haijaungua inatoka kwenye silinda inaenda kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, masega yanapata moto mpaka yanayeyuka. Toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kupaki. Na kwa huku kwetu kiangazi, kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja, angalia usipaki juu ya majani makavu, ekzosi ikiwa na moto wa namna hiyo nyasi zinashika.

Halafu fanya na hili, ukiwasha swichi bila kupiga stata hiyo taa lazima iwake, ukipiga stata inazima. Kama haiwaki kabisa kwenye swichi basi kuna mtu kashaichomoa balbu au kaziba, hasa kama gari umenunua kwa mtu juzi juzi.

Kumbuka ilianza lini

Kabla ya kushika spana kaa chini ukumbuke taa iliwaka baada ya nini. Hii watu wanairuka na ndo inayookoa muda kuliko zote. Iliwaka siku moja baada ya kuosha injini kwa presha? Maji yameingia kwenye plagi au kwenye kikonekta, yani soketi ya kuungia nyaya. Iliwaka baada ya kubadilisha ea klina, lile chujio la hewa? Kuna soketi haikurudishwa au mpira haukukaa vizuri. Iliwaka baada ya kuweka mafuta ya kwenye dumu kijijini ukiwa umekaukiwa huko njia ya Kaliua? Anza na mafuta. Gari ilikaa wiki mbili bila kutembea na iko jirani na stoo ya mahindi? Panya. Sitanii, panya wanakata waya za sensa, nimeona Noah ya jirani yangu Kiloleni nyaya mbili za sensa zimetafunwa mpaka shaba iko wazi na juu ya injini kuna maganda ya karanga.

Andika kwenye karatasi. Tarehe, kilichofanyika, gari inasumbua ikiwa ya baridi au ya moto, kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) au ukivuta mlima.

Kusoma kodi

Njia ya kwanza ni kile kidude cha Bluetooth unachochomeka kwenye soketi chini ya dashibodi alafu unasoma kwenye simu. Ni bei ya kawaida, kinunue, hata ukichanga na majirani watatu. Ila jua kwamba gari nyingi za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000, na ndo tulizo nazo wengi, hazielewani na kila kidude, maana mfumo ule wa kodi za P ulilazimishwa Marekani kuanzia gari za 1996, Japani walichelewa. Kidude kikigoma usidhani gari imekufa kompyuta. Yangu iligoma.

Njia ya pili ni ya kipande cha waya, kwa Toyota, na hii ndo iliyonitoa mimi. Ifanye taratibu.

Soketi ya kupimia iko chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti, ina matundu 16 kwa mistari miwili. Piga magoti chini, mulika na tochi, itazame ule upande wake mpana ukiwa juu. Mstari wa juu unahesabu kutoka kushoto 1 mpaka 8, wa chini kutoka kushoto 9 mpaka 16. Unataka tundu la 4 na tundu la 13, yani la nne juu na la tano chini. Hesabu mara mbili, alafu hesabu tena, kwa sababu tundu la 16, la mwisho kulia kwa chini, lina umeme wa betri muda wote hata swichi ikiwa ofu, ukiligusisha na jingine unaunguza fyuzi ukiwa na bahati na kompyuta ukiwa huna.

Swichi ofu. Chukua kipande cha waya mwembamba uliochubuliwa ncha zote mbili, unganisha 4 na 13. Sasa washa swichi lakini usipige stata. Taa ya injini itaanza kublinki, na taa nyingine kama ya ABS na eabegi zinaweza kublinki pia, usiogope, ndo inavyokuwa.

Ikiblinki haraka haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Ikiwa na kodi inahesabu tarakimu mbili: inablinki tarakimu ya kwanza, inapumzika kama sekunde moja na nusu, inablinki ya pili. Yangu ilifanya mbili, ikanyamaza kidogo, ikafanya tano. Ishirini na tano. Kodi zikiwa nyingi inaanza na ndogo kwenda kubwa ikimaliza inarudia upya, kwahiyo rekodi video ya simu uhesabu ukiwa umekaa. Ukimaliza swichi ofu, chomoa waya.

Zinazotokea sana kwa hesabu hiyo: 12 na 13 ni sensa za mzunguko wa injini, 21 oksijeni sensa, 22 sensa ya joto la maji, 24 joto la hewa inayoingia, 25 mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo, 26 kinyume chake, 31 sensa ya hewa, 41 sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), 52 noki sensa (inayosikiliza injini ikigonga). Wenye kidude cha simu wataona P0171 kwa mafuta kidogo, P0172 mafuta mengi, P0300 ni misi inayohamahama, P0301 mpaka P0304 ni misi ya silinda moja na tarakimu ya mwisho ndo namba ya silinda, P0420 ni masega. Na ile tarakimu ya pili baada ya P inakupa mtaa wa kutafuta, yani 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi, 4 mambo ya moshi, 5 spidi na sailensa, 7 giaboksi.

Usifute kodi bado! Ziandike kwanza. Na kidude kama kinaonyesha ile kumbukumbu ya wakati kodi inatokea, injini ilikuwa resi ngapi (mizunguko kwa dakika), joto ngapi, spidi ngapi, piga picha skrini, ukifuta kodi na yenyewe inafutika.

Macho na vidole kabla ya spana

Fungua boneti injini ikiwa imepoa na swichi ofu, tena toa funguo, kwa sababu kuna feni zinajiwasha zenyewe.

Anza na ea klina. Kwa vumbi la Tabora mwezi wa nane na wa tisa, ukisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye boksi umechelewa. Itoe, iangalie kwa kuinua kwenye jua, kama mwanga haupiti badilisha. Angalia pia kama imekaa sawasawa kwenye boksi lake maana ikipinda vumbi linapita pembeni linaenda moja kwa moja kwenye sensa ya hewa.

Sasa mpira. Huu mpira mkubwa unatoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye throto, una mikunjo mikunjo. Ukiuangalia kwa juu ni mzima kabisa, mweusi, una vumbi tu. Mimi niliuangalia kwa juu miezi minne! Siku niliyopata hiyo 25 nikaamua niulegeze bano moja, nikaukunja kwa mikono kama unavyokunja kitambaa cha kukamua, na kwa chini kati ya mkunjo wa tatu na wa nne ukafunguka kama mdomo, ufa wa urefu wa kidole. Ukiuachia unajifunga, huoni kitu. Yani injini ikiwa imetulia ufa umefunga, ukikanyaga mafuta injini inajitingisha ufa unafunguka, hewa inaingia ambayo haijapita kwenye sensa, kompyuta inatoa mafuta ya hewa iliyoihesabu tu, mchanganyiko unakuwa mwepesi, oksijeni sensa inaripoti ukweli kwamba kuna hewa nyingi. Oksijeni sensa ya zamani ilikuwa nzima. Ilikuwa inasema kweli na tukaitoa kwa sababu ya kusema kweli.

Kwahiyo kunja kila mpira. Ile midogo ya vakyumu nayo ishike mwishoni inapoingilia, ndo inapokauka na kupasuka, ukibonyeza ikalia kama karatasi ngumu imeshaisha. Kama huoni ufa, washa gari ikiwa ya baridi, chukua chupa ya kupulizia yenye maji matupu, pulizia kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na gasketi ya manifoldi, mbali na koili na nyaya. Sehemu inayonyonya hewa, maji yakiiziba sekunde moja utasikia mlio wa injini unabadilika. Kuna watu wanatumia petroli kwa kazi hii, nakuomba usifanye, moto wa injini hauna subira.

Baada ya mipira, nyaya. Fuata waya wa sensa iliyotajwa kutoka kwenye kikonekta mpaka unapopotelea, tafuta palipotafunwa, palipoyeyuka kwenye ekzosi, palipoungwa kwa nailoni. Chomoa kikonekta, angalia kama pini zina kijani cha kutu, rudisha mpaka kilie tik. Vikonekta na nyaya za njano usiziguse, ni za eabegi.

Na betri. Mita ya kupimia umeme ya bei ndogo inatosha, gari ikiwa imezimwa iwe 12.4 kwenda juu, ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukiwa mdogo sensa zinaanza kutoa taarifa za ajabu na utafukuza vivuli wiki nzima.

Kama inamisi

Hapa ndo nataka uelewe vizuri kwa sababu koili, kile kinachotoa umeme wa plagi, ni hela. Kwenye injini za Toyota kama 1NZ kila silinda ina koili yake, imefungwa na bolti moja namba 10. Silinda namba 1 ni ile ya upande wa belti. Sema umepata P0302, silinda ya pili inamisi. Usinunue koili. Zima gari, ipoe, chomoa koili ya 2 na ya 3, zibadilishane nafasi, futa kodi, endesha mpaka taa irudi. Ikirudi ikisema P0303, misi imehama na koili, koili imekufa, nenda kanunue moja. Ikiendelea kusema P0302, koili nzima, badilishana plagi hivyo hivyo. Ikikataa tena kuhama, inabaki nozeli (inayopulizia mafuta), au waya wa pale, au compresheni (mgandamizo wa silinda), na hapo unampelekea fundi ukiwa umeshaondoa vitu viwili kwenye orodha bila senti.

Kidude kikigoma kusoma, gari ikiwa inamisi kwenye sailensa, chomoa soketi ndogo ya koili moja moja, zima kwanza ndo uchomoe alafu washa usikilize. Ile ambayo ukiichomoa mtetemo haubadiliki ndo silinda mbovu. Sekunde chache tu kila moja.

Ukiwa umezitoa, mulika kwenye shimo la plagi. Ukikuta kuna oili imejaa, hiyo ni gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, imechoka, oili inaua mpira wa koili. Ukiweka koili mpya humo bila kubadilisha gasketi, itakufa na yenyewe. Plagi zenyewe ziangalie ncha: kahawia ya mbali ni salama, nyeupe sana hewa nyingi, nyeusi ya masizi makavu mafuta mengi, nyeusi inayong'aa kwa oili, oili inapita.

Sensa ya hewa

Kabla ya kuitupa isafishe. Ina skrubu mbili, iko baada ya ea klina. Ndani kuna waya mwembamba kama unywele, usiuguse kwa kidole, wala pamba, wala mswaki. Kuna spirei yake maalum, ulizia duka la spea spirei ya kusafishia sensa ya hewa, pulizia kwa mbali kidogo, acha ikauke yenyewe nusu saa ndo urudishe. Spirei ya kabureta usitumie. Yangu ile ya zamani nimeisafisha na nimeirudisha, inafanya kazi mpaka leo, ile niliyonunua ipo kabatini.

Kwa wale ambao kidude kinasoma, kuna namba inaitwa fyueli trimu, asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Ikicheza ndani ya 10 juu au chini sina shida nayo. Ikiwa juu sana kwenye sailensa, labda 20, alafu ukipandisha resi mpaka 2500 ukatulia hapo inashuka karibu na sifuri, una uvujaji wa vakyumu. Ikibaki juu hata kwenye resi au ikazidi kupanda, fikiria sensa chafu, pampu ya mafuta imechoka au filta imeziba.

Mawili ambayo yanafanywa sana huku

Themostati. Mafundi wengi wanaitoa wakisema nchi yetu ya joto haina kazi. Ina kazi. Ikitolewa maji yanazunguka muda wote, injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi inaendelea kumwaga petroli, taa inawaka na ulaji unapanda. Ukipata P0125 au P0128 muulize aliyekuuzia gari kama themostati ipo.

Masega. Sisi watu wa asali jina hili tunalielewa kuliko wote, ndani yana vijitundu vile vile. Ukipata P0420 utaambiwa yatolewe, yana hela huko wanakoyauza. Kuyatoa hakuzimi taa, kodi ndo inakuwa ya kudumu. Kwanza sikiliza kama ekzosi inavuja kabla ya sensa ya nyuma, na tibu misi na ulaji wa oili kama vipo, maana hivyo ndo vinavyoyaua.

Kufuta na kuhakikisha

Umepata tatizo, umetengeneza. Sasa ndo unafuta, kwa kidude au kwa kutoa fyuzi iliyoandikwa EFI dakika moja swichi ikiwa ofu. Kompyuta inasahau ilichojifunza kwahiyo sailensa inaweza kuyumba kidogo, iache iungurume dakika kumi. Ukiamua kutofuta pia sawa, safari tatu mfululizo bila kasoro taa inazima yenyewe.

Usitangaze ushindi siku hiyo hiyo, kodi nyingi zinahitaji kosa litokee safari mbili ndo taa iwake. Washa asubuhi ikiwa baridi kabisa, tembea mjini, alafu toka lami ndefu, rudi, iache ipoe, rudia kesho yake. Mimi baada ya kuweka mpira mwingine nilienda Sikonge na kurudi, kesho yake nikaenda tena maana nilikuwa na mzigo huko, usiku nikapiga magoti chini ya dashibodi na kipande changu cha waya, nne na kumi na tatu, nikawasha swichi. Ikablinki haraka haraka mfululizo, nikaitazama dakika nzima haikupumzika.